Maneno ya Kweli, Ushuhuda wa Uongo

Masomo: Mathayo 4:5-7; Mambo ya Walawi 4 na 5; Yohana 20:30-31



Wiki tatu zilizopita, Jumanne asubuhi, binti wa mzee mmoja wa kanisa letu alikuja ofisini akiwa na pakiti ya dawa za presha mkononi. Hakuketi. Aliziweka mezani akasema, "Pasta, hizi zilitakiwa ziwe zimeisha. Hebu hesabu." Nikahesabu. Tembe kumi na moja. Baba yake alikuwa amekaa siku kumi na moja bila kumeza dawa, na jioni iliyotangulia walimpima kliniki, ile namba ya juu ikasoma 194. Alipoulizwa kwa nini, mzee alitoa simu akawaonyesha klipu. Klipu ya kanisa letu, niliyoipitisha mimi.

Wengi wenu mliiona. Mama mmoja wa ibada ya kwanza amesimama na maikrofoni, na chini yake maandishi makubwa ya manjano: NIMEACHA DAWA. Kisha: SASA NINALALA. NINA AMANI. Sekunde arobaini na nane, muziki wa kinanda nyuma. Iligawanywa sana kwenye WhatsApp kuliko klipu yoyote tuliyowahi kutoa, na mimi nilifurahi, siwafichi.

Sasa sikieni alichosema mama yule. Alisimulia miaka miwili ya kukosa usingizi kwa sababu ya presha na mawazo. Kisha akaligeukia kanisa akauliza, "Mnadhani imekuwaje? Nimeacha dawa?" Akanyamaza. Akatikisa kichwa polepole, akitutazama, kwa sekunde kama saba hivi. Ndipo akasema, "La. Ninameza kila asubuhi, na ninamshukuru Mungu aliyempa daktari wangu akili." Hapo ndipo kanisa lilipopiga makofi. Niliyasikia makofi hayo kwa masikio yangu mwenyewe, maana nilikuwa nimeketi safu ya mbele.

Ilikuwaje basi maneno ya mama yakageuka? Niwaeleze kazi inavyofanyika, kwa maana lawama isiyojua kazi haimsaidii mtu.

Zamani vijana wetu wa video walikuwa wanakaa na mahubiri ya Jumapili mpaka saa tisa usiku. Ibada ya saa tatu inakatwa kwa mkono, kipande kwa kipande, halafu Jumatatu kijana ana darasa. Mama zao walinilalamikia, na walikuwa na haki. Kisha programu za akili bandia, hizi tunazoziita AI, zikajifunza kushika vyombo vya kazi. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu ulio wazi kwa wote uitwao Model Context Protocol. Ufikirie kama soketi ya ukutani: chombo chochote chenye plagi inayoingia hapo, AI inaweza kukitumia bila kutengenezewa waya wake peke yake. Programu za kuhariri video kama DaVinci Resolve tayari zilikuwa na mlango wa kupokea amri zilizoandikwa kwa lugha za kompyuta kama Python, na watu wakaunganisha mlango huo na ile soketi. Leo kijana anaweza kuandika kwa maneno ya kawaida, "toa kimya chote, chagua maneno yenye nguvu, weka maandishi," akaenda kunywa chai, akirudi anakuta klipu zimekatwa. Programu tunayotumia sisi sitaitaja, kwa sababu ilifanya ilichoambiwa.

Lakini kuna jambo sikulijua, na nadhani wengi hamlijui. Katika kazi ya namna yetu, AI haiketi kuitazama video kama sisi. Kwanza sauti inageuzwa kuwa maandishi, kila neno na sekunde yake. AI inasoma yale maandishi, inachagua sentensi, inatuma amri: kata hapa, unga pale. Kichwa kinachotikiswa hakimo katika maandishi. Machozi hayamo. Kimya kinaonekana kama pengo, na pengo tuliliagiza litolewe.

Halafu kuna Kiswahili chetu. Mwingereza akiuliza, mara nyingi mpangilio wa maneno unabadilika, hata kwenye karatasi unaona ni swali. Sisi twaweza kuuliza kwa sauti peke yake. "Umekula?" na "Umekula." ni neno lile lile, kinachotofautisha ni sauti kupanda mwishoni. Maandishi yalipodondosha alama ya kuuliza, swali la mama likawa tangazo. Na kwa macho ya msaidizi aliyetumwa kutafuta maneno yenye nguvu, tangazo hilo lilikuwa dhahabu. "La" iliyofuata kimya ikaonekana ni neno dogo lisilo na maana, ikaenda na kimya. Ukisikiliza vizuri kwa sauti, unaweza kusikia kuwa mama anauliza. Lakini nani husikiliza? Ndani ya matatu tunatazama simu sauti ikiwa imezimwa, tunasoma maandishi.

Kwa hiyo swali langu ni hili, nami nimelala nalo wiki tatu: nani alimshuhudia uongo mama huyu? Kila neno katika klipu lilitoka kinywani mwake. Sauti ni yake, uso ni wake. Hakuna mtu katika timu aliyetaka kudanganya. AI haina cha kupata kutokana na uongo. Kijana aliyeagiza hakujua. Nami niliyepitisha sikutazama, nilitumiwa klipu kumi na nne Jumatatu usiku, nikatazama tatu za kwanza, zilikuwa nzuri, nikajibu "Sawa, weka." Ile ilikuwa ya tisa. Basi uongo upo, umemfikia mtu, umepandisha presha yake, na aliyeusema haonekani.

Tumezoea kufikiri kwamba uongo ni neno la uongo. Lakini pale juu ya kinara cha hekalu, adui hakumletea Bwana wetu maneno ya kubuni. Alimletea Zaburi ya 91. Fungua uone zaburi inavyosema kuhusu malaika kuagizwa kumlinda mtu katika njia zake zote, kisha rudi Mathayo 4 uone ni kipi hakikutajwa. Kulindwa katika njia zako zimekatwa, zimebaki mikono ya malaika na jiwe. Mtu anaweza kuniambia ni ufupisho tu, na simbishii sana. Ila ufupisho ule ulitumika kumwambia mtu ajirushe. Hata mzee wetu, kwa namna fulani, alikuwa amesimama juu ya kinara, na sisi tukamsomea nusu ya andiko.

Kuna wanaoniambia, "Pasta, hukujua, usijihukumu." Nashukuru kwa upole huo, lakini Mambo ya Walawi haikubaliani nao. Sura ya 4 na ya 5 zinazungumzia dhambi ambayo mtu ameitenda bila kukusudia, hata bila kujua, na bado anahesabiwa hatia na analeta sadaka. Na orodha ya sura ya 4 haianzi na mtu wa kawaida. Inaanza na kuhani, kisha mkutano wote, kisha mtawala, ndipo mtu wa kawaida. Niliposoma safari hii nilikwama kwenye mstari wa tatu kwa muda mrefu.

Chuoni nilisomea biashara, na nilichokumbuka wiki ile ni somo la ukaguzi. Meneja anaweza kugawa kazi kwa watu mia, lakini aliyeweka sahihi kwenye hundi hawezi kusema hakuisoma. Zaidi ya hapo, tulifundishwa kwamba anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Tulipompa msaidizi wa AI kukata, kuandika na kuchagua, halafu mimi nikaweka "Sawa" bila kutazama, tulikuwa tumemfanya karani, mkaguzi na mkurugenzi kwa siku moja. Katika kampuni yoyote hilo lingekuwa shimo. Sijui kwa nini nilidhani kanisani si shimo. Pengine nilidhani nia njema inaziba.

Mmoja wa wazee wa kanisa alipendekeza tuache kukata shuhuda kabisa: ziwekwe nzima, au zisiwekwe. Nililifikiria sana, kwa sababu lina usafi wake. Lakini Yohana mwenyewe alikata. Mwisho wa sura ya 20 anasema wazi kwamba Yesu alifanya ishara nyingine nyingi zisizoandikwa katika kitabu chake. Kuchagua si dhambi. Bila kuchagua hatungekuwa na Injili. Hata jarida hili mkononi mwako ni mahubiri ya dakika hamsini yaliyobanwa kuwa kurasa mbili. Lakini tazama Yohana alivyochagua. Anakubali kwamba ameacha mambo. Anasema ameandika hayo kwa ajili gani, ili msomaji aamini na awe na uzima. Na sura ya 21 inamtaja mwanafunzi aliyeyashuhudia na kuyaandika. Kuna mtu unayeweza kumgeukia ukamuuliza. Klipu yetu haikuwa na mtu huyo. Ilikuwa na nembo ya kanisa.

AI bado tunaitumia. Sitawarudisha vijana kwenye saa tisa usiku ili mimi nionekane mtakatifu. Inasafisha sauti, inapanga kamera, inatafuta pale mhubiri aliposoma andiko fulani ndani ya saa tatu za ibada, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko sisi. Lakini ushuhuda wa mtu sasa hautoki mpaka mwenyewe autazame, sauti ikiwa juu na maandishi yakisomwa, aseme ndiyo au hapana. Na kama unagusa afya, tunamwandikisha ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na tulikuwa tunazirusha kama matangazo ya harusi.

Klipu ya kwanza tuliiondoa siku ile ile, ingawa kile kilichokwisha kuingia kwenye simu za watu hakirudi. Ndiyo maana ninaandika hapa, na ndiyo maana nilitangaza Jumapili: mama hakuacha dawa. Mzee wetu amerudia zake. Nilienda kumwomba msamaha nyumbani, alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Lakini Pasta, kama ulikuwa umeketi pale mbele ukasikia mwenyewe, mbona hukushtuka?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Jumatano mama alikuja kutazama klipu mpya. Ina dakika tatu na nusu. Alicheka alipoona kilemba chake kimepinda. Tulipofika pale penye swali, programu ilikuwa bado imeweka alama kwamba kuna pengo, inapendekeza liondolewe. Kijana akamwonyesha, akamuuliza, "Mama, hapa tupunguze kidogo?"

Mama akajiangalia anavyotikisa kichwa. "Hapo," akasema, "hapo usiguse."