Kiinitete na Kihamba

Mume na mke wa Kibosho waliokaa katika ndoa miaka kumi pasipo mtoto huweza leo kushuka Moshi, wakavuka mpaka wa Namanga au wa Holili, wakatafuta msaada Nairobi, mji ambamo watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa nje ya mwili wa mama walizaliwa mwaka 2006. Huko tabibu humpa mke dawa za kukomaza mayai mengi kwa mara moja, huyatoa, huyakutanisha na mbegu za mume katika kisahani cha maabara, na baada ya siku chache huchagua kiinitete kimoja au viwili akavitia tumboni. Vilivyosalia, vikiwa vizuri, aghalabu havitupwi. Hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mahali ambapo uzee haufiki. Mtoto akizaliwa, wazazi hurudi mlimani kwa shukrani. Na katika mtungi wa Nairobi hubaki vitatu au vinne vya damu yao, vinavyolipiwa ada ya kutunzwa. Hivyo vifanyweje?

Njia zijulikanazo ni nne: mama avichukue baadaye, wapewe wengine wasio na mtoto, vitolewe kwa uchunguzi wa elimu, au viyeyushwe vife. Ipo na ya tano, isiyoandikwa katika fomu yoyote, nayo ni kunyamaza.

Mtu akitafuta jibu katika sheria, atapata majibu mawili kwa safari ya siku moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 26, yasema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ijapokuwa yaadhibu utoaji wa mimba, humhesabu mtoto kuwa mtu awezaye kuuawa pale tu atokapo mzima kabisa mwilini mwa mama yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitungwa miaka saba kabla ya kuzaliwa Louise Brown wa Uingereza, mtoto wa kwanza wa namna hii duniani. Wala Wamarekani hawakupatana zaidi. Mwaka 1992 mahakama ya juu ya Tennessee ilisema viinitete si watu wala si mali, bali vimo katika daraja la kati linalostahili heshima. Mwaka 2024 ile ya Alabama ilivihesabu kuwa watoto katika sheria ya fidia ya vifo, na kliniki kadhaa za jimbo hilo zikasimamisha kazi kwa hofu.

Lugha nayo huelekea kutoa hukumu yake. Kijana, kipofu na kiziwi kwa umbo wamo katika ngeli ya vitu, lakini hakuna asemaye kijana kimefika. Husemwa amefika, kwa sababu utu hushinda umbo la jina. Kiinitete hakijapewa heshima hiyo. Husemwa kimegandishwa, kimeyeyuka, kimeharibika. Mwanafunzi mwepesi wa kufurahi angekoma hapa na kutangaza kwamba Waswahili wamekwisha kukata shauri. Lakini mtumwa alisemewa kwa upatanisho wa watu siku zote, alikuja, alikwenda, alilia, na bado aliuzwa katika soko la Unguja mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Kuitwa mtu hakukumwokoa. Na kihamba, shamba la migomba na kahawa la Mchaga, husemwa kwa upatanisho wa vitu daima, na hata hivyo kwa desturi ya kale mwenye nacho hakuwa huru kukiuza kwa mgeni kama auzavyo mbuzi. (Siku hizi vihamba vyauzwa, na wazee hulalamika.) Basi swali la mtu au kitu, ambalo mahakama zimelishindania, halitoshi kuonyesha lipasalo kutendwa.

Kihamba chafaa kutazamwa zaidi. Wafu wa ukoo huzikwa humo, masale hupandwa mipakani, na akilimaye ni mlinzi kati ya waliozikwa na wasiozaliwa. Haki ya wasiozaliwa haikutoka katika hali yao, maana hawakuwa chochote bado. Ilitoka katika kungojwa. Kiinitete nacho hakikujitunga. Watu wawili walikiita kwa dawa, kwa fedha, kwa sala na machozi, na wajibu wao watoka katika wito huo.

Mfano huu una kasoro. Kihamba humlisha anayekilinda; kiinitete hakimlishi mtu. Tena ukoo ukiachiwa neno, mume akifa ndugu zake wangeweza kudai viinitete kama wengine walivyodai mjane kwa desturi ya kurithi wajane, na mwanamke angefanywa kuwa chombo cha kubebea madai yao. Wito ulikuwa wa wawili, na ukoo hauna sauti humo. Mmoja wao akijitoa, shida ni kubwa zaidi. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba haki za Natallie Evans, Mwingereza, hazikuvunjwa pale aliyekuwa mwenzake alipokataa viinitete vyao sita visitumike, ijapokuwa hakuwa na njia nyingine ya kupata mtoto wa damu yake. Hukumu hiyo yauma, lakini mtu hawezi kufanywa baba kwa neno alilokwisha kuliondoa.

Hata hesabu ya watoto hutatizika. Katika urithi wa Uchagani mwana wa kwanza na kitinda mimba walitazamwa kuliko wa katikati, na kitinda mimba ndiye aliyebaki katika boma la baba. Nani kitinda mimba, maadamu mtungi haujafunguliwa? Mwaka 2025 huko Ohio, Marekani, alizaliwa mtoto kutokana na kiinitete kilichogandishwa mwaka 1994, ambacho wenyewe waliwapa watu wengine. Dada yake wa damu amekwisha kutimiza miaka thelathini.

Mwezi Agosti 1996 Uingereza iliyeyusha viinitete zaidi ya 3,000, kwa sababu muda wa miaka mitano uliowekwa na sheria ulikwisha na wazazi hawakujibu barua au hawakuonekana. Yamkini wengi hawakuwa wakatili. Walishindwa kusema ndiyo, wakashindwa kusema hapana. Lakini ndilo baya kuliko yote manne yaliyoandikwa katika fomu. Atiaye sahihi viyeyushwe ametenda jambo, aweza kulijibia na hata kulililia. Aliyenyamaza amemwachia karani amalize wito alioanza yeye. Kwa hiyo neno hili lafaa kusemwa na wawili hao kabla ya yai la kwanza kutolewa, wakati ambapo hakuna aliye mzazi na hakuna cha kuogopa kukipoteza.

Wale wa Kibosho hawakulisema. Ada ya mwaka huu wamelipa, na mtoto ameanza kuuliza kwa nini hana mdogo wake.