Kiti cha Khalifa na Mioyo ya Watu

Twasikia mara nyingi watu wakinena ya kwamba Uislamu ni dini na dola pamoja, wala viwili hivi havitenganiki. Wengine hunena hivyo kwa kujisifu, wengine kwa hofu. Sisi twauliza: Je, dini huzidi nguvu ikiketi katika kiti cha enzi? Natuitazame habari ya Khalifa wa Stambuli.

Mwezi wa Novemba 1914 Sultani wa Uturuki, ambaye ndiye aliyekuwa Khalifa, alitangaza jihadi juu ya Waingereza, Wafaransa na Warusi. Waislamu wengi sana walikuwa chini ya dola hizo. Kama wote wangaliitika, vita vingaligeuka. Hawakuitika. Askari Waislamu wa Bara Hindi walipigana upande wa Waingereza, na mwaka 1916 Sharifu Hussein wa Makka, mtu wa ukoo wa Mtume, aliwaasi Waturuki. Amri ilitoka katika kiti kikuu, nayo haikuishika mioyo.

Lakini angalieni jambo la ajabu. Kiti kile kilipokuwa karibu kuanguka, ndipo watu walipokililia. Tangu 1919 Waislamu wa Bara Hindi waliinuka kukitetea, hata Gandhi, asiyekuwa Mwislamu, akawa pamoja nao. Haikufaa kitu: tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Uturuki liliuondoa ukhalifa, na Khalifa wa mwisho akatolewa katika nchi.

Huko Misri Sheikh Ali Abd al-Raziq, kadhi aliyesoma Al-Azhar, alitoa kitabu mwaka 1925. Alisema Mtume aliletwa na ujumbe, si ufalme, na ya kuwa Waislamu wana ruhusa kuchagua serikali iwafaayo. Wanazuoni wenziwe wakamvua daraja yake, na ukadhi ukamtoka. Miaka mitatu baadaye, katika mji wa Ismailia, mwalimu mmoja kijana, Hassan al-Banna, alianzisha chama cha Ndugu Waislamu, kilichotaka sheria ya Mungu itawale nchi yote. Tusiwahukumu upesi watu hao. Ismailia ni mji wa Mfereji wa Suez. Walikuwa wakiona kila siku wageni wakiishi kwa fahari, na wenyeji wakiwatumikia. Mtu aliyedhulumiwa akiitafuta haki katika dini yake, ni nani awezaye kumlaumu?

Wala sisi Walutheri tusijivune, maana katika Ujerumani wafalme walikuwa wakuu wa makanisa yetu hata mwaka 1918, na si kila neno walilotuamuru lilikuwa la Injili.

Chama kile cha Ismailia kilingoja miaka themanini na minne. Mwaka 2012 mtu wake, Mohamed Morsi, alichaguliwa kuwa rais wa Misri. Julai 2013 jeshi likamwondoa, baada ya watu wengi, na Waislamu wengi miongoni mwao, kujaa barabarani wakimkataa. Naye Sheikh Ali alikuwa amekwisha kufa tangu 1966, baada ya kurudishiwa heshima yake na kuwa waziri wa mali za wakfu.