Samaki Mkunje Angali Mbichi

Mwaka jana mkaza mwanangu alifika hapa Mpanda kwa treni kutoka Tabora, akiwa na mtoto wa miezi mitatu. Mke wangu alimpakata mjukuu, akamvua kofia, kisha akanyamaza. Kisogo cha mtoto kilikuwa bapa upande wa kulia, mfano wa tonge lililobonyezwa kwa kiganja.

"Mama, ni mimi niliyemharibu?" binti akauliza, machozi yakimlenga. Kliniki waliambiwa mtoto alazwe chali, naye alitii.

"Hujamharibu, mwanangu. Chemsha maji, nitakikanda. Samaki mkunje angali mbichi."

Wakanigeukia mimi, kana kwamba mstaafu hana kazi ila kuamua kesi. Ndugu msomaji, methali hiyo nimeila mshahara wake. Niliwahubiria walimu wanafunzi chuoni miaka mingi, wala sikuwahi kuiuliza swali: amkunjaye samaki anamkunja kwa faida ya nani?

Tulikwenda kwanza kwa daktari. Alipapasa maungio ya fuvu, akaigeuza shingo huku na huku, akasema ni kulalia tu. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, nayo hufuata kile inachokilalia. Zipo nadra ambapo maungio hujifunga kabla ya wakati wake, na hizo ni kazi ya hospitali, yetu haikuwamo. Akatukataza kukikanda kichwa, na akatukataza vilevile kumlaza mtoto kifudifudi usingizini. Hapo hakuwa na mzaha. Huko Marekani, tangu walipoanza mwaka 1994 kampeni ya kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka michache, na visogo bapa vikaongezeka. Binti yule, basi, alikuwa analilia alama ya usalama.

Alitamani pia kofia ngumu za kurekebisha kichwa, alizoziona katika simu. Waholanzi walizipima kwa watoto 84, wakatangaza matokeo mwaka 2014: walipofika umri wa miaka miwili, waliovishwa na wasiovishwa hawakutofautiana kwa maana.

Lakini swali langu halikuishia hapo. Kaskazini-mashariki ya Kongo, Wamangbetu walikuwa wakiwafunga watoto vichwa kwa kamba tangu uchanga, virefuke kwenda nyuma. Ndio uzuri, ndio daraja la wakubwa. Serikali ya Wabelgiji ikapiga marufuku, na kufikia miaka ya 1950 desturi ikawa inafifia. Tukiziona picha zao tunashangaa. Hata hivyo mama wa Kimangbetu alikuwa na hofu ileile ya mke wangu, yaani mtoto asije akachekwa na watu. Tofauti ni umbo tu: yeye alitaka kirefu, sisi twataka duara.

Nami mwenyewe je? Mwaka 1978, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, nilifundisha darasa la kwanza. Alikuwamo mtoto aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Nilimfunga mkono ule kwa leso muhula mzima. Niliamini namkunja angali mbichi. Hati yake haikunyooka, ila alianza kugugumia kila nilipomwita ubaoni. Mkono wake ulikuwa umemkosea nani? Mimi ndiye niliyeona haya, mkaguzi asije akaniona nimeshindwa kazi. La hasha, sisemi mtoto aachwe kama gugu. Kumfundisha kutoiba ni kumkunja pia, na nisingeacha. Lakini ule wa leso ulikuwa mkunjo wangu, si wake.

Nikawaambia maji yaipuliwe. Tulichunguza tukagundua kuwa mtoto hugeukia dirisha daima, hivyo tukambadilisha, kichwa kikaja palipokuwa miguu. Mchana akiwa macho alilazwa kifudifudi mkekani, nasi tukimwangalia, na bibi yake akambeba mgongoni kwa kanga muda mrefu kuliko nilivyodhani mgongo wa umri ule ungestahimili.

Sasa anatembea. Kisogo kimejaa, ingawa si sawasawa kabisa. Mwenye jicho la kutafuta ataona. Mke wangu bado humpitishia kiganja pale kila amwogeshapo. Kama anapapasa au anakanda, sijamwuliza.