Fedha ni Hakimu: Jawabu kwa Mtoto Aulizae

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mtoto afikapo umri wa kutumwa dukani, humuuliza babake: "Fedha ni za nini? Kwani watu wasibadilishane vitu tu?" Baba wengi hujibu, "Fedha ndiyo maisha," wakaendelea na shughuli zao. Jawabu hilo ni fupi, nalo ni baya. Kwani mtoto hukua nalo, akaja kuitumikia fedha badala ya fedha kumtumikia yeye.

Yapasa aelezwe kwa vitu avionavyo. Mvuvi arudi pwani na changu wengi, naye ataka mlango. Seremala ana mlango, lakini hataki samaki, ataka kanzu. Mshoni nae ataka mchele. Na samaki hawangoji, jua likipanda huoza. Tena mlango mmoja ni kwa samaki wangapi? Nani atakaeamua? Ndipo watu wakahitaji kitu cha tatu, kisichooza, kigawanyikacho, walichokiridhia wote, kipime thamani ya kila kitu. Hicho ndicho fedha.

Bilal alimletea Mtume, rehema na amani zimshukie, tende nzuri, akasema amezipata kwa kutoa pishi mbili za tende duni kwa pishi moja. Mtume akamkataza, akambainishia kuwa hiyo ni riba. Bali auze zile duni, kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Hivyo fedha husimama katikati, asidhulumiwe huyu wala yule.

Na Imamu Ghazali, aliefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya kwamba dinari na dirhamu ni mahakimu baina ya mali, hazitakwi kwa dhati yake. Na mwenye kuzirundika ni kama aliemfunga hakimu wa Waislamu gerezani. Mtoto hufahamu hayo upesi: kadhi akifungwa, watu wataamuliwa na nani?

Sura za fedha hupita. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye majina yao. Sayyid Barghash alitoa pesa zake za mwaka 1299 wa Hijra (1882). Unguja iliacha rupia ikaingia shilingi mwaka 1936. Na leo nyingine hazishikiki, ni hesabu tu ndani ya simu. Kazi yake ni ile ile, kuamua kwa haki.

Lakini mtoto husoma mkono wa babake kabla ya kusikiliza ulimi wake. Akimwona kibarua aja mlangoni mara ya tatu kudai ujira, akaambiwa, "Njoo kesho," na hali mtoto ajua kuwa fedha zimo kashani, basi mafunzo yote yamefutika. Amekwisha jua kuwa hakimu yumo kifungoni, na aliemfunga ni babake.

Bora baba amwite kibarua siku ile ile, jasho lake halijakauka kama alivyoamrisha Mtume, na fedha zile ampe mwanawe azitie kwa mkono wake katika mkono wa mwenye haki. Mtoto huyo hatauliza tena fedha ni za nini.

Mwenyezi Mungu ajaalie mali ya Waislamu iwe mikononi mwao, isiwe nyoyoni mwao. Amin.