Ugonjwa Ni wa Nani?

Daktari alipolifungua faili langu, hakunitazama mimi. Alimtazama kaka yangu. "Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa?" aliuliza, ingawa mgonjwa mwenyewe nilikuwa nimeketi mbele yake, mwenye miaka 27 na akili timamu. Kaka akaitikia, akaomba wazungumze nje kidogo. Wakatoka. Nikabaki na mlio wa feni na shingo yangu iliyovimba. Waliporudi, kaka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyebeba gunia na hataki lionekane. "Ni matezi tu," akasema. "Utapewa dawa."

Siku 4 baadaye nilirudi peke yangu, nikaomba kusoma majibu ya kinyama kilichokatwa shingoni. Yaliandikwa: limfoma ya Hodgkin. Ni saratani inayoanzia katika mfumo wa limfu, ule ule ambao kazi yake ni kuulinda mwili. Imepewa jina la Thomas Hodgkin, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1832. Huwashika sana vijana, na ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi zikitibiwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi 3, kwa sababu homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni dalili zinazofanana kwa magonjwa yote mawili.

Jioni hiyo nilimwuliza kaka kwa nini alinificha. "Nilitaka ulale usingizi kwanza," akajibu. Nikamfokea. Nikamwambia mwili ni wangu, ugonjwa ni wangu, na hakuna mtu aliyempa kazi ya kunipimia kiasi cha ukweli ninachoweza kubeba. Kisha, katika pumzi ile ile, nikamwambia, "Lakini mama asijue. Ana presha."

Kaka alinitazama tu. Ilinichukua wiki mbili kuelewa alichokuwa anakitazama.

Hasira yangu haikuwa ya bure. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mgonjwa wa saratani ya limfu alichomwa kemikali ya ukoo mmoja na gesi ya haradali, ile silaha iliyounguza askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa kuwa utafiti ulikuwa siri ya vita, faili lake halikuitaja dawa kwa jina. Iliitwa dutu X. Uvimbe ulinywea, ukarudi, naye akafa kabla mwaka haujaisha. Habari zake zilichapishwa mwaka 1946, na historia inamjua kwa herufi mbili tu: J.D. Tibakemikali tunayoijua leo ilianza hivyo, na jambo lililoingia mwilini mwa mtu likiwa siri ya watu wengine. Ninapodai kuujua ugonjwa wangu kwa jina lake, nadai kitu ambacho wagonjwa walikikosa kwa muda mrefu.

Basi ugonjwa ni wangu. Lakini je, ni wangu peke yangu?

Maandalizi ya tibakemikali yalinijibu kabla sijajibu mwenyewe. Kwanza ulipimwa moyo, kwa sababu doksorubisini, dawa nyekundu ambayo hata mkojo huubadilisha rangi, inaweza kuudhoofisha. Mapafu yakafuata kwa ajili ya bleomisini. Ikapimwa damu, ini, figo, homa ya ini na VVU. Nikaulizwa kama nataka watoto siku za usoni, maana dawa za saratani zinaweza kugusa uwezo wa kuzaa. Sijaoa, sijachumbia, nikajikuta ninawazungumzia watoto wangu mbele ya mgeni. Mwishoni muuguzi akauliza, "Mdogo wangu, unaishi na nani?"

Nikasema naishi peke yangu. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka, wala hazijui kubagua: saratani, nywele, utando wa mdomo, chembe nyeupe za damu. Siku kadhaa baada ya dripu kinga hushuka sana. Homa ikifika nyuzi 38 ni kukimbilia hospitali saa ile ile, si kumeza panadoli na kusubiri kukuche. "Sasa ikikukuta saa 8 usiku," akasema, "nani atakuitia gari?"

Wahenga wana methali ya mambo haya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Zamani niliisikia kama kitisho. Siku ile niliisikia kama maelezo ya kitaalamu tu.

Hata hivyo, niliendelea kumficha mama, na nilikuwa na sababu za kutosha. Kwetu Tanga mgonjwa hatembelewi, hujaziwa nyumba. Shangazi huja na uji, majirani huja na dua, watoto huja na mafua yao, na kila mmoja lazima ashike mkono wako. Ni upendo wa kweli, lakini kwa mtu asiye na chembe nyeupe upendo huo unaweza kumlaza wodini. Niliogopa pia dawa za miti shamba, ambazo nilikwisha onywa nisizichanganye na dripu. Baadaye nilijifunza kwamba vinblastini, moja ya dawa 4 nitakazopewa, asili yake ni ua la vinka, lile la waridi lenye petali 5 ambalo mama amelipanda mbele ya nyumba yake tangu nikiwa mtoto. Onyo la kutochanganya limebaki pale pale. Dharau yangu ndiyo iliyopungua.

Lakini sababu hizo zote zilikuwa za jinsi ya kumwambia mama. Hakuna hata moja iliyokuwa sababu ya kumficha. Nilipozichambua, kilichobaki chini ni hiki: sikutaka kuisikia sauti yake ikibadilika. Nilijiambia namlinda yeye, kumbe najilinda mimi. Tena nilikuwa nimekata shauri, bila kumwuliza, kuhusu kiasi cha ukweli anachoweza kubeba mwanamke aliyemzika mume na kusomesha watoto wawili kwa biashara ya maandazi. Kaka alinificha kwa siku 4 nikamwita dhalimu. Mimi nilikuwa ninaingia wiki ya pili.

Ndipo nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamwambia yote, kwa jina lake. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," akarudia. "Na mimi wiki mbili nakuombea upone kifua."

Sijawahi kusikia hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya siri. Nilidhani nimemwondolea mzigo, kumbe nilimwacha aubebe akiwa amefungwa macho. Angeteseka vilevile, nilichomnyima ni kujua anateseka kwa ajili ya nini.

Sasa yuko hapa. Ameweka kiti mlangoni na ndoo ya maji na sabuni, na wageni hunisalimia dirishani. Nilidhani ataleta umati, amekuwa ngome. Pwani tuna neno amana: kitu cha mwenzio ulichokabidhiwa ukitunze. Nadhani habari ya ugonjwa ni kitu cha namna hiyo. Ni yangu, ndiyo maana haitangazwi bila idhini yangu. Lakini amana huwa amana pale tu inapokuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Dripu ya kwanza ni Jumatatu, kisha kila baada ya siku 14. Begi limefungwa, kipimajoto kipo, namba ya dereva imebandikwa ukutani.

Jana usiku, akikunja kanga, mama alisema kwa sauti ya chini, "Bibi yako asijue lakini. Uzee ule, atavunjika."

Nilimtazama, kama kaka alivyonitazama. Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza tuzungumze."