Mpaka Ajue

Jumamosi moja baada ya alasiri alifika kwangu Buzebazeba, mjini Kigoma, mvuvi wa migebuka na mwanawe wa miaka 16. Kijana alikuwa na gitaa kavu lililokosa uzi mmoja. Baba alinipa shikamoo, akakaa kwenye benchi chini ya mwembe, akavua kofia yake, kisha akatoa swali ambalo naamini alikuwa nalo kichwani tangu ametoka nyumbani.

"Mwalimu, ni shilingi ngapi mpaka ajue?"

Nikamtajia bei yangu: elfu kumi kwa somo la saa moja, masomo mawili kwa wiki.

"Hiyo ni elfu themanini kwa mwezi," alisema hapo hapo. "Lakini sikukuuliza mwezi. Nimekuuliza mpaka ajue." Nilipokaa kimya akaongeza: "Mimi nikikuuzia mgebuka unaondoka naye mkononi. Ukikuta ameoza unarudi kunitukana, na ni haki yako. Wewe unaniuzia nini?"

Nilikuwa karani wa mizigo reli kwa miaka 27. Magunia ya dagaa, madumu ya mawese, baiskeli, magodoro, jeneza mara mbili tatu. Kila kilichopita mbele yangu kilikuwa na uzito, idadi na stakabadhi. Baada ya kustaafu nimeingia kuuza kitu nisichoweza kukipandisha kwenye mizani, na ilibidi mvuvi aje kunikumbusha. Tulimalizana kwa elfu sitini kwa mwezi. Swali lake halikumalizika, na tangu siku ile limekuwa likinifuata hadi kwenye mkeka wa kuswalia.

Mimi mwenyewe nilifundishwa bure. Fundi wangu alikuwa Mkongomani aliyevuka ziwa kutoka Kalemie, miaka mingi kabla ya vita ya 1996 iliyotuletea wakimbizi. Alipanga chumba Ujiji, kitanda kimoja, gitaa moja, mashati mawili meupe. Nilikuwa na umri wa huyu kijana wa mvuvi. Baba yangu alimpelekea jogoo kama ada, fundi akaja kumrudisha mwenyewe, akiwa amemkumbatia kwapani barabara nzima ili watu waone. Alisema muziki alipewa na Mungu bila malipo, na yeye hawezi kuuza alichopewa.

Maneno matamu. Sasa nihesabu ile bure. Kila asubuhi nilimchotea maji ndoo nne. Nilifua yale mashati mawili, tena alitaka kola inyooke kama ubao. Kwa miezi miwili hakuniruhusu kugusa shingo ya gitaa. Nilipiga nyuzi tupu kwa gumba na kidole cha shahada, gumba likitembea kwenye besi na kidole kikiimba juu, kama wapigavyo watu wa Katanga. Uzi ukikatika nilitafuta waya wa breki ya baiskeli, tukaufumua na kutumia uzi mmoja wa ndani yake. Niliposhika rithimu vizuri akaanza kunichukua kwenye harusi. Tulipiga hadi alfajiri, watu wakatutuza, na tuzo zote zikaingia kwenye mfuko wa shati nililolifua mimi. Hivyo kwa miaka mitatu. Siku aliyopanda boti kwenda Bujumbura nilimbebea gitaa mpaka gatini. Hakuniaga kwa maneno mengi, wala hakurudi tena. Nilipopiga hesabu kwa desturi ya karani, niliona kwamba ile bure iligharimu kuliko elfu kumi za leo, na bado najiona nina deni. Hilo ndilo lililonishangaza. Nililipa kwa mgongo wangu miaka mitatu, na deni halikupungua hata senti.

Nina rafiki, ustadhi wa madrasa, tumekua naye mtaa mmoja. Hunywa kahawa barazani kwangu baada ya isha, na hupenda kunichokoza. Nilipomweleza habari ya mvuvi alicheka, akaniambia hilo swali lako lina nywele nyeupe, wanazuoni wamelizeekea. Akanikumbusha habari ya Ubada bin Samit, Mungu amridhie, aliyewafundisha watu Kurani na kuandika, mmoja wao akamzawadia upinde. Upinde tu, si dhahabu. Alipomuuliza Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, aliambiwa kwamba akipenda kuvishwa kongwa la moto basi aupokee. Kisha ustadhi huyo huyo, bila kutua kikombe, akaleta upande wa pili: wale masahaba waliomsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, wakalipwa kondoo, na Mtume akasema hakuna kinachostahili zaidi kuchukuliwa ujira kuliko Kitabu cha Mungu. Na yule masikini asiyekuwa hata na pete ya chuma, aliyeozeshwa mke kwa mahari ya sura alizozihifadhi. Kwa hiyo wa kwetu, madhehebu ya Shafi, wakaruhusu ujira. Wahanafi wa mwanzo walikataa. Wa baadaye wakalegeza, kwa kuwa posho ambazo walimu walikuwa wakipata kutoka hazina ya dola zilikatika, na wakahofu Kurani ingekosa wa kuifundisha.

"Sisi chuoni tulipeleka ada ya Alhamisi," nikamwambia. "Na kuni. Babako, mwalimu wetu, alipokea."

"Alipokea," akakubali. "Lakini ile ilikuwa Kurani, Bwana Karani. Wewe unauza kamba za gitaa."

Hapo ndipo anaponibana kila mara. Ujira wa jambo la haramu ni haramu. Hakuna anayebishana na hilo. Je, gitaa? Imamu Ghazali, ambaye aliandika kwa upole kuliko wengi juu ya kusikiliza sauti nzuri, alizizuia ala za nyuzi, na sababu aliyoitoa ni kwamba zilikuwa alama ya walevi. Ibn Hazm wa Andalusia aliziona hadithi za makatazo kuwa dhaifu, akaruhusu. Mimi si mwanachuoni. Nafunga somo adhana inapoadhiniwa, na sijawahi kupiga kwenye pombe tangu nimeoa. Zaidi ya hapo naenda na hofu yangu, na ustadhi ananiombea dua huku akigongagonga meza kwa vidole ninapopiga sebene. Mkono wake una dini yake yenyewe.

Ila lile la upinde halikuniacha. Kwa nini upinde uwe mzito hivyo? Nadhani ni kwa sababu haukuwa bei. Bei mnaiafikiana mkiwa wawili na akili zenu, halafu kila mtu anashika njia. Zawadi ya mwanafunzi inakuja baadaye, ikiwa imebeba kitu kisichosemwa.

Juu ya bei yenyewe nilipata jibu jingine kitabuni. Nilipokuwa stesheni, mtalii mmoja aliyekuwa akienda Gombe kutazama sokwe alisahau kitabu kwenye benchi. Kilikaa kabatini mwaka mzima bila mwenyewe kukifuata, nikakichukua. Ni mazungumzo ya Mgiriki Plato, na humo yumo mwalimu aitwaye Protagora ambaye alijitapa kwamba analipisha kwa haki. Mwanafunzi akiridhika, hulipa bei iliyotajwa. Asiporidhika, huenda hekaluni, akaapa mbele ya miungu yake kwamba mafunzo yale yana thamani kadha, akalipa hiyo kadha. Mwenzake Sokrate hakutoza kabisa, na watu wengi humsifu kwa hilo. Mimi nilivutiwa na huyu wa hekaluni. Nikaona huo ndio uadilifu: mwenye kujua thamani ni aliyepokea, basi na aseme yeye.

Nikaijaribu njia hiyo kwa kijana mmoja fundi muashi, Mpentekoste, aliyetaka kupiga gitaa kanisani kwao. Baada ya mwezi wa kwanza nikamwambia: nenda kanisani kwenu, mbele ya Mungu wako jiulize masomo haya yamekufaa kiasi gani, ulete hicho hicho. Alinitazama kama niliyemtukania mama yake. Hakuonekana wiki tatu. Nikadhani ameona upenyo wa kukimbia deni. Siku ya kurudi alikuwa amekonda, ana shilingi elfu ishirini na tano kwenye karatasi, na hakutaka kukaa.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi nilikuwa nikifika kanisani nikijiuliza, naona yanafaa laki tatu. Laki tatu sina. Nikisema elfu ishirini na tano nimesema uongo mbele za Mungu. Tafadhali, nitajie bei tu."

Niliaibika. Nilidhani nampa uhuru, kumbe nilimtwika mzigo ule ule niliotwikwa na fundi wangu aliyemrudishia baba yangu jogoo. Bei ya elfu kumi si thamani ya somo, na haijawahi kuwa. Ni ruhusa ya kuondoka ukiwa umenyanyua uso. Ukiisha kunilipa naweza kukutana nawe sokoni Mwanga bila wewe kujificha nyuma ya mafungu ya nyanya. Asiyetoza huonekana mkarimu, na huenda ni mkarimu kweli, lakini aliyepokea hubaki ameshikwa. Simlaumu fundi wangu. Labda naye alishikwa hivyo upande wa pili wa ziwa, kwa mtu nisiyemjua.

Inabaki kujua hizo elfu kumi zinanunua nini hasa. Si maarifa. Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo huko Afrika ya kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya mwalimu kufikia neno moja: binadamu hamfundishi binadamu; huelekeza kidole tu, na anayeona huona kwa nuru iliyomo ndani yake. Naafiki. Nimewahi kumweleza msichana wa kwaya ya Kikatoliki kuhusu gumba mara hamsini bila kitu. Siku moja akiwa anatwanga kisamvu kwao likaingia. Kinu kilimfundisha. Nilimtoza ile wiki kama kawaida.

Vijana huniuliza kwa nini wanilipe wakati simu ina kila kitu. Kweli, simu ina wapiga gitaa wa dunia nzima, wanapiga polepole, unaweza kuwarudisha nyuma. Huyu wa mvuvi alijifunza miezi sita kwenye simu kabla hajaletwa. Alijua kodi nyingi za gitaa kuliko mimi. Lakini kiwiko chake kilikaa juu kama cha mtu anayechuna kuku, na uzi wa tatu ulikuwa chini kidogo, na kwa miezi sita hakuna aliyemwambia. Simu inaonyesha, haisikii. Santuri nayo ilikuwa hivyo. Hugh Tracey, mrekodi wa nyimbo za Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Katanga, mwaka 1952, sauti ikaenda mbali kuliko alivyoweza kwenda mwenye vidole. Hata hivyo mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kumtafuta Bosco mwenyewe ili ajifunze kwake, na 1982 akachapisha kitabu cha safari ile. Santuri alikuwa nazo. Alichokosa ni kusikilizwa.

Basi ndicho ninachokiuza: saa moja ya sikio langu. Sikio la mzee, limetoboka kidogo upande wa kushoto kwa honi za treni, lakini kwa saa ile haliendi kwingine. Sipokei simu, siulizi bei ya dagaa. Kijana anakosea mara thelathini na mimi nazisikia zote thelathini. Nimekuja kuona kwamba hiyo ni kazi, inachosha kuliko kupakia behewa, na mchovu ana haki ya ujira. Kama kuna kitu kinapita zaidi ya hapo, kinapita bila mimi, na sijui namna ya kukikatia stakabadhi.

Mwezi wa tano, mvuvi alikuja peke yake. Aliniletea elfu sitini za mwezi, akahesabu noti mbele yangu. Kisha akatoa kwenye mfuko mgebuka mkubwa, bado ana maji ya ziwa. Alisema jana usiku kijana alipiga nyumbani, na mama mkwe wake, ambaye hajaongea naye tangu mwaka juzi kwa sababu ya shamba, alitoka chumbani akakaa sebuleni mpaka mwisho.

"Huyu si wa mwezi," akasema, "ni huyu tu."

Nikamtazama yule samaki nikauona upinde wa Ubada. Ustadhi alikuwa palepale na kikombe chake, ameinamisha macho kama mtu asiyesikia. Nikampokea. Mvuvi alipokwisha kuondoka nikamwita mke wangu, nikamwambia ampike kwa mawese, na nusu aipakue kwa ajili ya ustadhi. Ilipofika, rafiki yangu alinawa, akasema bismillahi, akaila yote na kulamba vidole, na usiku ule hakuniletea hadithi yoyote.