Aliyekukomboa Anakudai?

Ukishuka na ziwa kutoka Ilagala kwenda kusini, mbali kabisa, utafika Karema. Hapo alitibu watu Adrian Atiman. Alitekwa utotoni Afrika Magharibi, akauzwa utumwani. Wamisionari Wakatoliki wakamnunua ili awe huru, wakamsomesha udaktari Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 wakamleta Karema. Alikufa mwaka 1956, bado yuko kulekule.

Sasa, je, alikuwa huru, au alikuwa analipa fadhila? Kusema kweli, waliomkomboa ndio waliomtuma. Lakini deni lina mwisho: ukishalimaliza, unaondoka. Miaka zaidi ya sitini? Na wagonjwa wa Karema hawakuwa wanamdai hata senti. Mimi naona alianza kama mdaiwa, akabaki kama mwenyeji.